Kikohozi cha Tatu

Mzee muuza mitishamba ya Kichina hakuwa na shida na jina la mgonjwa. Alichotaka ni kikohozi. Humpa mgonjwa mgongo, hufumba macho na kunong'ona, "Kohoa mara tatu," na kabla ya kikohozi cha tatu vidole vyake, vilivyogeuka manjano kwa unga wa mizizi, huwa vimeshafungua droo. Leo binti mmoja alimleta baba yake kwa mara ya pili. Magome na maua makavu yalikuwa tayari kwenye mizani pale baba alipotoa kikohozi cha tatu, na vidole vikasimama.

"Vile vidonge vya hospitali mlivyonitajia, amemaliza?"

"Tuliviacha siku ya pili, mzee," binti alisema. "Daktari mwenyewe alisema kifuani mna vijidudu vinavyotulinda, na vidonge havichagui cha kuua. Ndiyo nikaona nirudi kwako."

"Mrudishe kwa daktari. Sasa hivi."

"Huko si ndiko tulikotoroka?"

Mzee alifunga dawa kwenye karatasi taratibu kama kawaida yake, kisha badala ya kumpa binti, akaiweka rafuni. Akachukua ufunguo, akafunga duka mchana kweupe, akamshika baba mkono. Binti alibaki kizingitini, asijue wamefukuzwa au wamepokelewa, hata aliposikia mzee akimwambia dereva wa teksi apite njia ya mkato hadi hospitali, wodi ya mapafu.