Miezi Minne na Siku Kumi Kwenye Daftari la Mahudhurio

Mie nimeishia darasa la saba, kwa hiyo niliposikia watu wa tathmini wanakuja shuleni, nilidhani wanakuja kuwapima watoto uzito. Mwalimu wa darasa la mchana alicheka.

"Hapana, bibi. Wanakuja kuona kama darasa letu linafanya kazi. Wakiona halifanyi, serikali inasimamisha."

Darasa la mchana ni la watoto wa la tatu na la nne ambao kusoma bado kunawashinda. Wenzao wakienda nyumbani saa nane, wao wanabaki na kadi zao za silabi. Vitabu vinatoka serikalini, na mwalimu analipwa na serikali. Uji ni wangu. Kila Jumatatu mtoto analeta kikombe cha unga kutoka kwao, wa mahindi, mtama au ulezi, na mie nauchanganya wote nyumbani kwangu, ukuta kwa ukuta na shule, huku Vingunguti. Ndiyo maana uji wangu haujawahi kuwa na rangi moja wiki mbili mfululizo.

Ndoo alikuwa anaibeba mume wangu. Alikuwa anafanya kazi machinjioni alfajiri, anarudi, analala kidogo, na saa nane anaamka kwa ajili ya ndoo. Lazima aonje kwanza. "Sukari nyingi," anasema. Nikipunguza, anaonja tena, anafikiri, anasema, "Leo umepatia. Ila sukari nyingi."

Watu wa tathmini walikuja wawili, kaka mmoja na dada mmoja mwenye miwani. Walitusalimia shikamoo vizuri kabisa. Tulikaa ofisi ya walimu: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, wazazi wa kamati, na mie karibu na mlango kwa sababu ndoo yangu ilikuwa nje na kunguru wa hapa hawana adabu.

Yule dada akatugeuzia kompyuta. Palikuwa na mstari unaopanda, halafu unaanguka, unalala chini muda mrefu, halafu unapanda tena.

"Haya ndiyo mahudhurio yenu," akasema. "Watoto walikuwa zaidi ya thelathini, wakabaki tisa, kisha wakarudi. Hapa katikati palitokea nini?"

"Mvua," mwalimu mkuu akajibu haraka. "Huku kwetu bonde likijaa, mtoto hapiti."

"Mvua ilikuwa kubwa," baba mmoja wa kamati akaunga mkono.

"Na macho mekundu," akasema mama aliyekaa mbele yangu.

"Macho mekundu yalikuwa mwaka juzi, mama."

"Basi yalikuwa bado hayajaisha."

Kaka akasoma tarehe mstari ulipoangukia, na tarehe ulipoanza kupanda. Ile ya kwanza ilikuwa kesho yake baada ya maziko ya mume wangu. Nikahesabu kwa vidole chini ya khanga. Miezi minne na siku kumi, haikuzidi, haikupungua. Nilikuwa naiangalia eda yangu imechorwa kwenye kompyuta ya watu.

Mwalimu alikuwa amekaa kando yangu. Naye aliona. Akaninong'oneza, "Bibi, nakuomba nyamaza. Wakijua watoto wanafuata uji, watasema darasa halina maana. Watalifunga. Uji haumo kwenye mradi."

Nikanyamaza. Nisijisifu kwamba nilinyamaza kwa ajili ya watoto tu. Tangu nitoke eda, saa nane ndiyo saa pekee ambayo kuna mtu ananingoja. Darasa likifungwa, saa nane ningeenda wapi?

"Basi tuandike mvua," yule dada akasema, akaanza kuandika.

Hapo nikashindwa. "Hiyo si mvua," nikasema. "Hiyo ni eda yangu."

Kaka alikuwa mtu wa bara, ikabidi nimweleze. Nimefiwa na mume. Mjane kwetu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Uji haukupikwa. Wapo waliojitolea kuja kuuchukua nyumbani kama ningepika, lakini kila nikisogelea sufuria nilijikuta nasubiri mtu aje aseme sukari nyingi. Hilo la mwisho sikuwaambia.

Mwalimu mkuu aliniangalia kama niliyemwaga ndoo nzima sakafuni kwake.

"Kwa hiyo, bibi, watoto wanakuja kwa ajili ya uji?" kaka akauliza.

"Wengi, mwanangu. Hata wewe ungekuja."

Watu wakacheka. Dada hakucheka. "Na wale tisa waliobaki?" akauliza. "Niitieni."

Wakaitwa, wakapewa kitabu wasichokijua. Wanane walisoma bila kukwama, kama wanateremka ngazi. Wa tisa hakujua kitu. Alipoulizwa kwa nini alibaki basi, akasema mama yake anafunga mlango, anarudi jioni kutoka sokoni. Kisha wakaitwa tisa wengine, wale waliopotea na kurudi. Hao walikuwa wanatafuta herufi kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Dada akavua miwani. "Kumbe darasa linafundisha," akasema. "Kazi ni kumfanya mtoto abaki."

Ripoti ilipokuja, mwalimu alinisomea nyumbani kwangu. Darasa liendelee. Uji uingizwe kwenye mradi. Atafutwe mpishi wa pili, ili mmoja akikosekana watoto wasitawanyike. Na kuhusu ule mstari walikuwa wameandika: mahudhurio yalishuka kutokana na dharura ya mpishi.

"Dharura," nikarudia. Miaka thelathini na moja ya ndoa. Nilicheka mpaka mwalimu akauliza kama aniletee maji.

Mpishi wa pili akawa yule mama wa macho mekundu. Siku ya kwanza alichota kijiko, akaonja, akakunja uso.

"Bibi, mbona hauna sukari huu?"

Nikageuka kutazama mlango, mazoea tu.

"Ongeza," nikamwambia.

Akaongeza, tena sana. Kisha akashika mkono wa ndoo upande wake nami upande wangu, maana saa nane ilikuwa imefika na watoto walishaanza kugonga vikombe.