Sinendet ya Mheshimiwa

Majani chai yakikaa sana kwenye gunia hupata joto, yakageuka mekundu na kunuka kama nyasi zilizolowa. Harufu hiyo ndiyo inayonirudisha mwaka ule mama alipochaguliwa mwakilishi wadi wetu. Kila mvua iliponyesha, lori la kiwanda lilikwama kwenye matope chini ya kilima, majani yakaharibika, na jasho la kutwa nzima likamwagwa mtaroni. Sisi Wakipsigis tukimheshimu mtu humvika shingoni sinendet, mmea wa kutambaa unaotoka msituni. Siku ya ushindi wanawake walifika kwetu wakiimba, wamebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na sinendet mbichi. Mama akanywa mursik, sinendet akaikataa. Alisema ataivaa siku lori litakapofika kituo cha kupimia majani mvua ikinyesha. Loo, nyanya alivyowaka! Heshima haikataliwi, alisema, na huyu binti yake atazeeka shingo tupu.

Ahadi ni deni, na hili lilisikiwa na kijiji kizima. Miezi ile mama tulimwona kwa nadra: leo yuko mjini akipigania pesa za karavati za kupitisha maji chini ya barabara, kesho yuko bondeni na gambuti zake akibishana na mkandarasi kuhusu changarawe. Shuleni walinitania, eti mheshimiwa wenu atavaa lini? Niliwajibu kwa kiburi, lakini moyoni niliogopa sana.

Masika ikaingia. Jioni moja tulisimama kituoni tukinyeshewa, magunia yamejaa, mama katikati yetu. Mara tukasikia lori likiunguruma kule bondeni. Likapanda, likapanda, likatokea! Vigelegele vilifunika mvua. Wanawake walikimbilia msituni wakarudi na sinendet, na kwa furaha wakalivika lori kwanza. Dereva, mzee mnene kutoka upande wa ziwa, alicheka hadi akazima injini. Nyanya ndiye aliyeokoa kipande kilichobaki.

"Inama, Mheshimiwa," akamwambia mama. Hakuwahi kumwita hivyo. Mama aliinama akilia, nami nikaruka matopeni kama ndama.

Siku hizi kuna lami, na viongozi huvikwa sinendet hata kabla ya kuapishwa. Mama alistaafu baada ya vipindi viwili, anachuma chai yake. Juzi lori lilipita na hakuna mchumaji aliyegeuka. Nikamuuliza kama haimuumi kusahaulika.

"Wakiacha kuliangalia lori," alisema, "ujue barabara ni nzuri."

Lakini yeye aliliangalia mpaka likapotea kilimani.