Mkono wa Baba Mkwe

Jumatano, 14 Aprili 1954. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa nane, jua limetoka lakini baridi haijaondoka.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, na chini yake mistari mitatu tu. Niliishia darasa la nne. Mengine ya siku ile sikujua yanaandikwaje. Sasa najaribu.

Baba mkwe wangu alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa ugonjwa wa kifua. Kifua kilikuwa kinapona, ila akili zilikuwa zimempotea siku nyingi, hakujua hata yuko wapi. Usiku aliuguzwa na mume wangu, mchana na mimi. Kwetu mke hamgusi baba mkwe wake wala hamtazami usoni, kwa hiyo nilikaa nimempa mgongo, khanga kichwani, nikisikiliza tu. Jumatatu jioni nikasikia kitanda kinalia. Kugeuka, amesimama kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Ningeweza kumdaka. Badala yake nilikimbia kumwita nesi. Akaanguka, akapasuka juu ya jicho.

"We mama," mzee wa kitanda cha pili alinifokea, "ulikuwa unangoja nimdake mimi mwenye mguu mmoja?"

Sista akasema baba mkwe atafungwa kitandani kwa shuka. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Wagonjwa walikuwa wengi, manesi wawili, na mzee yule akivunjika nyonga asingetembea tena. Lakini mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, umfunge yeye kama ndama?

Nikamwomba Sista anipe siku mbili kwanza. "Mbili tu," alisema.

Jumanne niligeuza kigoda, nikamtazama. Niliona aibu, ila niliona pia kwamba haamki ovyo. Ilikuwa saa kumi na moja, ng'ombe wa majirani wanapopita chini ya hospitali kurudi zizini. Akiwasikia wanalia, anataka akawatenge ndama kabla ya kukamua. Bahati mume wangu aliwahi kufika, akamrudisha.

Basi Jumatano niliomba deki ipigwe asubuhi, na godoro lishushwe chini. Nikakata nyasi, nikazitandaza kulizunguka kama tunavyotandaza nyumbani.

"Wodi imekuwa zizi!" nesi alicheka. Lakini aliinama, akanisaidia.

Ng'ombe wakalia. Baba akainuka, miguu inatetemeka. Nikamshika mkono. Sikufikiri, ningefikiri nisingemshika.

"Ndama wametengwa?" aliuliza.

"Twende tukaone, baba."

Tulikwenda polepole hadi dirishani. Akawatazama wote wakipita.

"Yule mwekundu anachechemea."

Na kweli alikuwa anachechemea, mimi sikuwa nimemwona. Kisha baba akageuka mwenyewe, nikamrudisha, akalala. Sista alikuwa mlangoni, shuka mkononi. Akalitandika kwenye kitanda kingine.

"Kesho saa hiyo hiyo uwepo," aliniambia.

Sitaki kujisifu. Huenda siku nyingine tungeanguka wote wawili. Na huenda angekuwa na akili zake angeuvuta mkono wake kwa hasira. Hilo lilinisumbua njia nzima, baada ya mume wangu kuja kunipokea zamu. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti, nikamwambia mama mkwe yote bila kupunguza.

Alisukuma kuni motoni, akauliza:

"Mkono wake ulikuwa wa baridi?"

"Wa baridi, mama."

"Ndivyo ulivyo tangu anioe." Akavuta pumzi. "Kesho mpelekee blanketi langu. Na ukimshika, mshike sawasawa, usimshike kama unaiba."

Akasogea, akanipa nafasi karibu naye mekoni. Tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na sehemu yangu akaitia samli kwa mkono wake.