Faili Lililobadilishwa Jina

Bi Macho hakupewa jina hilo bure. Miaka kumi na mmoja nimemwona katika chumba cha kompyuta cha hospitali yetu, akililinda jokofu la damu bila kuligusa. Joto likizidi, kipimo huandika onyo kwenye faili, naye huliona papo hapo kwenye dirisha jeusi la kompyuta, kwa amri inayolifuata faili hilo. Kusipokuwa na mstari mpya, mambo ni shwari. Ndivyo alivyotufundisha, na ole wako umbishie.

Ijumaa hiyo kimya kilimfurahisha kupita kawaida. Wifi yake alikuwa wodini, hajala wala kunywa, akisubiri upasuaji wa saa tisa. Mifuko miwili ya damu ya kundi lake, iliyotafutwa wiki tatu, ilikuwa ndani ya jokofu lile.

Saa nane mtu wa maabara akapiga simu. "Dada, jokofu limefika digrii kumi na nne, na mwisho wake ni sita. Kwako huoni?"

"Kwangu hakuna kitu," alijibu, kwa ukali kidogo.

Akabonyeza kitufe, mshale ukashuka, kwa hiyo kompyuta haikuwa imeganda. Akapima mtandao, mzima. Akaorodhesha mafaili ya folda. Yalikuwa mawili. La zamani lilibadilishwa jina saa sita, na jipya likafunguliwa mahali pake. Maonyo yote, themanini na kitu, yalikuwa kwenye jipya. Amri yake ilikuwa bado imeng'ang'ania la zamani, ambalo halikuwa likiandikwa tena.

Aliyepanga mafaili yabadilishwe kila Ijumaa ni yeye mwenyewe, Jumatatu ile, ili yasijae. Tulimsifu sana. Dawa yake ilikuwa herufi moja tu: F kubwa badala ya ndogo, amri ifuate jina la faili, si faili lenyewe. Akaiandika, mistari ikamiminika. Nilimwonea huruma, na nilijikasirikia pia, maana nilikaa karibu naye tangu saa sita nikiuamini ukimya ule.

Hakumtuma mtu. Alishuka wodini mwenyewe, nami nyuma yake.

"Leo haiwezekani, wifi. Damu imeharibika."

"Si ulisema kuna mtu anailinda?"

"Ni mimi."

Wifi hakumlaumu.

"Basi nipe maji," akasema. "Nina kiu tangu asubuhi."