Utani Wangu Msibani Umemtoa Mtu Jicho

Admin, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu ni upande wa Kikole. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, nina mke na mtoto mmoja, kazi yangu bodaboda. Mtakaonitukana kwenye komenti nitukaneni tu, nimeshajitukana sana kabla yenu.

Kuna dada nitamwita Teresia. Kwao Mitwero, wazazi wake Wamakonde, yeye kasomea mambo ya damu chuoni. Alikuja huku kutafuta watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu kujipinda kama mundu, anachukua damu kijiko kimoja, anaiweka kwenye boksi la barafu. Mimi ndiye nilikuwa namzungusha na pikipiki. Kabila lake na langu ni watani, basi siku ya kwanza tu akaniambia, "Mtumwa wangu, endesha taratibu, umebeba mali." Nikamjibu, "Mali gani, mla panya wewe." Tukawa ndugu kuanzia hapo.

Siku moja tuko Pande tunakunywa chai, nikamuuliza hiyo damu inakwenda kufanywa nini. Hakunidharau. Akanieleza kuwa mtoto akiwa tumboni damu yake ni nzima, haijipindi. Akishazaliwa, kuna protini inaizima ile damu ya tumboni, hii mbovu ndiyo inachukua nafasi. "Sisi tunatengeneza kipande kidogo sana cha vinasaba," akasema, "tunakibadilisha ili mwili usikitafune. Kikiingia kwenye seli kinazuia ile protini isitengenezwe, damu ya tumboni inarudi kazini." Nikauliza wameshampa mtoto gani. Akasema hakuna hata mmoja, bado wanajaribu kwenye vichupa, mtoto haguswi mpaka wawe na uhakika. Nilielewa vizuri kabisa. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Baadaye mradi ukaleta gari. Teresia akawa anapita vioo vimefungwa, ananipungia mkono. Alikuwa ananipungia vizuri tu, lakini roho iliniuma. Nilijiona nimetupwa. Sikumwambia, nikakaa na kinyongo moyoni.

Kisha akafariki Mwanahawa, binti wa jirani yangu Bakari, ambaye naye ni mtani wangu, miaka saba, mmoja wa wale watoto wa selimundu. Damu ilimwishia, akafia njiani wakimkimbiza hospitali. Teresia alikuja msibani siku ya mazishi, kajifunga khanga, akakaa mkekani na akina mama. Boksi lake kaliacha ukumbini kwa sababu alikuwa anatoka kazini.

Mnajua sisi watani kwenye msiba. Jeneza likitaka kutoka tunalizuia mlangoni, tunadai, tunasema maneno ya ovyo, watu wanacheka kidogo machozi yanapungua. Ni haki yetu, hakuna anayekasirika. Basi nikasimama mlangoni nikaliinua lile boksi juu. Nikasema kwa sauti, "Hatoki mtu hapa. Marehemu hajakamilika, damu yake iko humu, huyu mla panya kaimaliza yote. Airudishe ndipo tuzike."

Wazee walicheka. Lakini palikuwa na vijana waliokuja kutoka mbali, na habari za mumiani, wale wanyonya damu za watu, zilikuwa zimeshazagaa. Na mimi, naomba Mungu anisamehe, sikulisema kama utani. Kile kinyongo kilitoka kwenye sauti yangu na watu wakakisikia.

Mmoja akanipokonya boksi akalipasua chini. Vichupa vikamwagika, damu ikaonekana. Hapo ndipo dunia ilipogeuka. Walimvuta Teresia kwa nywele kutoka mkekani, wakampiga kwa fimbo, kwa mateke, kwa mafiga ya jikoni. Mtu akashika mchi akamshushia usoni, nikasikia mfupa. Alikuwa anaita, "Mtani wangu, waambie." Ananiita mimi. Kijana mmoja akanigeukia, "Wewe si ndiye uliyesema? Mbona umesimama?" Niliogopa. Nikampiga teke la mbavu. Moja, lakini nilimpiga, na kiatu changu kiliingia.

Aliyemwokoa ni Bakari, baba wa marehemu. Mtoto wake yuko kwenye jeneza, yeye akajilaza juu ya Teresia, wakamvunja mkono. Polisi walipofika mimi nilikuwa nimeshakimbilia mikoroshoni. Bakari walimkuta kalowa damu, na watu wakasema mwenye mtoto ndiye aliyechochea. Yuko mahabusu mpaka leo. Hata binti yake hakumzika.

Nilikwenda kumwona Teresia wodini. Jicho la kushoto limetolewa, taya limefungwa waya, anaongea kwa shida. Nilikwenda nimuombe radhi. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono, akasema, "Mtumwa wangu, uso ulikuwa umejaa damu, sikuona kitu. Ila sauti yako niliisikia mwanzo kabisa, maneno sikuyashika kwa vilio vya akina mama. Ulikuwa unawazuia, eti?"

Nikasema ndiyo.

Sasa amenitaja kama shahidi wake. Wiki ijayo nasimama mahakamani kwenye kesi ya Bakari kueleza nani alianza. Mke wangu anasema, "Baba Zuhura, funga mdomo, tuna mtoto." Mama yake Bakari ananipikia uji kila asubuhi akidhani nitamtoa mwanawe. Nikisema kweli Bakari anatoka, naingia mimi, na Teresia atajua mguu uliompiga mbavuni ni wa nani. Nikiificha, nitaapa uongo kwa msahafu mbele ya mtu mwenye jicho moja anayeniamini.

Ndugu zangu, msinipoze. Mngekuwa mimi mngesema nini siku hiyo? Na Teresia nimwambie kabla, au aje asikie pale pale na wengine?