Marahaba ya Fundi Kondo

Fundi Kondo wa Keko alikuwa mtu wa kujisikia, na hakuona sababu ya kuficha. Kitanda alichokiunga yeye hakilii, mlango aliouranda yeye haugomi kufunga, na mteja akileta ubishi huambiwa akatafute fundi mwingine, kisha hurudi mwenyewe kichwa chini. Mwaka ule wa 1954 alikuwa na jambo moja tu lililokwenda upande, nalo hakupenda liguswe: mwanawe wa pekee, Pazi.

Pazi alishika randa tangu ana miaka saba. Alipotimiza ishirini aliiweka chini, akaenda kuajiriwa kwenye gari la sinema la serikali, lile lililozunguka vitongojini na kutandaza shuka jeupe uwanjani. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka na kipaza sauti, awasemee Wazungu wa kwenye picha kwa Kiswahili, maana bila yeye watu wangetazama midomo tu. Kondo alipopata habari alimwambia mkewe, Mwamvita, "Mie sina mtoto anayelipwa kwa kupayuka." Tangu siku hiyo hakuitikia tena shikamoo ya mwanawe.

Miaka minne! Kila Ijumaa Pazi alipita karakanani, akasimama, akasema, "Shikamoo, baba." Kondo akaendelea kupiga randa. Kijana angeweza kumwamkia kwa salamu ya dini, ambayo baba yake, mtu wa swala tano, asingethubutu kuiacha bila jibu. Hakufanya hivyo hata mara moja.

"Sitaki kumtega," alimwambia mama yake. "Nataka aniitikie kwa kupenda."

Mwamvita alimfikishia mumewe maneno hayo, naye akajitia kutafuta patasi.

Basi siku moja karani wa lile gari la sinema akaja kuazima mabenchi manne, sinema ilikuwa inakuja Temeke. Kondo alikubali, ila akasema atayafuata mwenyewe, asije mtu akayapanda na viatu. Mwamvita alimtolea kanzu safi tu.

Picha yenyewe ilitoka nchi ya mbali yenye theluji. Hamna farasi, hamna bunduki. Mzee mmoja mtengeneza saa amekosana na mwanawe, na mwana ameondoka nyumbani. Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo Pazi akaingia kazini. Yule mzee wa Kizungu alipofungua kinywa, ilitoka sauti nzito yenye kikohozi kabla ya neno la kwanza: "Ehe! Nani kakwambia ushike hivyo? Shika sawasawa!" Watu wa Keko wakaangua kicheko, wakageuka kutazama benchi la mwisho.

Kondo alijua kuwa ni yeye anayeigwa. Alingoja hasira impande, haikupanda. Alikuwa anasikiliza kazi. Kila neno lilikaa kwenye mdomo wa Mzungu bila kuacha mwanya, kama kiungo kilichopimwa mara mbili, na uwanja wote uliokuja kutafuta bunduki ulikuwa umetulia, wanawake wanafuta macho kwa ncha za khanga. Kifua kikamjaa. Huyu ni fundi, alisema moyoni, fundi hasa, na mie hapa ndiye niliyemfundisha kutolipua kazi.

Mwishoni mwana wa kwenye picha akarudi. Akasimama mlangoni, theluji mabegani. Wazungu hawana shikamoo, lakini mtoto aingie kwa baba yake bila kumwamkia, watu wa Temeke wasingemvumilia. Pazi akasogeza kipaza sauti. Safari hii hakubadili sauti yake.

"Shikamoo, baba."

Uso wa mzee wa saa ulijaa shuka lote, na midomo haikutikisika. Watu wakangoja. Pazi angeweza kumwekea neno moja mdomoni, mambo yakaisha. Kutwa kucha ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakumwekea.

"Mwitikie!" watu wakapiga kelele. "Mwitikie, mzee, mtoto kafika!"

Kondo alijikuta amesimama juu ya benchi, na viatu vyake, yeye aliyekuja kuzuia lisikanyagwe.

"Marahaba!" aliita, sauti ikampasuka. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Uwanja mzima ukacheka. Kando ya shuka kipaza sauti kilipitisha pumzi ndefu ya mtu, kisha kikanyamaza, na picha ikaendelea bila msemaji. Jirani yake, muuza mihogo, akamvuta kanzu.

"Mzee, kaa chini bwana. Mzungu yule hakusikii."

"Mzungu ananihusu nini?" alisema Kondo, machozi yakimtiririka wala hayafuti. "Namwitikia huyo anayesema. Huyo ni mwanangu."