Kucha ya Tano

Joka lina kucha ngapi? Usijibu kwa kubahatisha, maana katika Guangzhou, bandari ya China, enzi zile za wafalme, jibu baya lilitosha kufunga karakana nzima na kumtia fundi kizuizini. Joka la watu wa kawaida lilikuwa na kucha nne kila mguu. La kucha tano lilikuwa la mfalme peke yake.

Mok Sau-pui aliyajua hayo tangu aliposhika tindo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mnakshi wa fedha, akipamba vikombe vya meza za Ulaya na Amerika, meza ambazo yeye asingekaribishwa hata kusimama mlangoni. Waliokunywa humo hawakumjua kwa jina, wala hawakuuliza. Huo ni udhalimu, na usemwe.

Alasiri moja alikuwa akimalizia joka kwenye kikombe kikubwa cha nahodha mmoja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, naye alilificha jambo hilo. Kwenye mguu wa mbele aliona kucha tatu, akaongeza ya nne. Kisha akapitisha kidole. Zilikuwa tano.

Tajiri Kiu, mwenye karakana, angepita kukagua kabla ya kufunga. Akiona, kazi imekwisha, na nani atamwajiri mnakshi asiyeona?

"Umemeza nini, mzee?" akauliza Au Tak-hing, mnakshi mwenzake, bingwa wa kumkebehi. "Uso umekuwa kama tofu iliyolala."

Mok akamsogezea kikombe. Au akahesabu, akapiga mluzi.

"Kumbe tunaye mfalme humu ndani, na hatujampigia magoti!"

"Usinicheke, Au. Sioni tena vizuri."

"Nimejua tangu ulipotia mchuzi wa soya kwenye chai. Lete tindo."

Lami ngumu ilikuwa bado imejaa ndani ya kikombe, ikiishikilia fedha isibonyee ovyo. Au akaigonga kucha ya tano polepole hadi ikalala, akaizungushia mistari, ikawa mkia wa wingu.

Kiu akaja, akakigeuza kikombe huku na huku.

"Wingu hili halikuwa kwenye mchoro."

"Joka bila wingu ni mjusi, tajiri," Au akasema. "Nahodha atavuka bahari zote hizo kwa ajili ya mjusi?"

Kiu akaangua kicheko, akaondoka na kikombe.

Mok akamgeukia Au. "Ndugu yangu, mimi..."

"Nenda kale, mzee. Machozi yanaitia fedha madoa."

Nyumbani alimsimulia mkewe yote, hata habari ya macho. Mkewe akawasha udi wa sala, akalitaja jina la Au kabla ya majina ya mababu.

Asubuhi yake, Mok alipoingia karakanani, alimkuta Au akiburuta gogo lake la kazi kutoka dirishani, mahali alipopagombania kwa miaka mingi, akilipeleka kwenye pembe yenye giza. Gogo la Mok lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye mwanga.